Mashine ya Boti Inayokataa Kuwaka Ikiwa ya Moto

Asubuhi iliwaka kamba ya kwanza. Tulitoka Kilindoni, kisiwani Mafia, na boti ya fiberi, mashine ya farasi 40 nyuma, tukakimbia karibu saa nzima bila mashine kukohoa hata mara moja. Tukazima, tukainua nyavu, tukapanga samaki kwenye barafu. Robo saa baadaye nahodha akasimama, akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena na tena mpaka mkono ukachoka, akampisha kijana, naye akavuta mpaka viganja vikamwiva. Mkondo ulikuwa unatupeleka mwambani, ikabidi tutie nanga haraka. Tukakaa juani. Ilipopita saa moja na kidogo kijana akajaribu tena, mashine ikawaka kamba ya pili na kunguruma kama vile hakuna kilichotokea.

Tuliporudi tuliipeleka kwa fundi. Kesho yake akapiga simu: nimeivuta, imewaka hapohapo, haina ugonjwa. Hata hivyo akabadilisha plagi, akaosha kabureta, tukamlipa. Safari iliyofuata ikatufanyia vilevile, na iliyofuata tena.

Ugonjwa huu hujificha. Mpaka unaifikisha mashine kwa fundi imeshapoa, na ikipoa ushahidi wote umeondoka nayo. Ndiyo maana kwa kila mwenye boti nina neno moja: mashine inayokataa ikiwa ya moto ipimwe ikiwa ya moto, dakika ileile inapokataa, hukohuko iliko. Ukingoja ipoe utabaki kubadilisha vitu kwa kukisia, na kila kukisia ni pesa.

Joto linapanda baada ya kuzima

Wengi wetu tunadhani mashine inaanza kupoa pale tunapoizima. Sivyo. Ikiwa inatembea, impela inasukuma maji ya bahari kuzunguka silinda, hewa inapita kwenye kabureta, na petroli yenyewe inapogeuka mvuke inaipoza kabureta hiyo. Ukizima, vyote vitatu vinakatika kwa pamoja. Joto lililokuwa ndani ya chuma halina pa kwenda isipokuwa kutambaa kwenda kwa majirani: kabureta, pampu ya mafuta, mipira, nyaya, koili. Chini ya kava hakuna upepo. Kwa hiyo kwa dakika kumi, ishirini, hata thelathini baada ya kuzima, kabureta inakuwa ya moto kuliko ilivyokuwa mashine ikikimbia.

Sasa kumbuka petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, na vile vyepesi vyake huanza kuchemka kwenye nyuzi joto 35 hadi 40 hivi. Msimu wa kaskazi, bahari imelala na jua linachoma, tangi lililokaa wazi kwenye boti linaweza kuwa limeshakaribia hapo kabla hata mashine haijawashwa. Ndiyo sababu malalamiko ya namna hii huongezeka kati ya Desemba na Machi na kupungua kusi likianza kuvuma.

Petroli ikichemka ndani ya kabureta hutokea jambo moja kati ya mawili, na dawa ya moja ni sumu ya jingine. Huenda bakuli la kabureta likakauka na mpira wa mafuta ukajaa mvuke badala ya mafuta. Pampu ya mashine haiwezi kuuvuta mvuke, na silinda inakosa chakula. Au petroli inafurika kutoka kwenye bakuli kuingia ndani ya mashine, silinda inajaa mafuta mabichi, plagi inalowa. Mvutaji kamba haoni tofauti, kwake yote ni kimya. Anachukua choki, kile kizibo kinachopunguza hewa ili petroli izidi, anaifunga, anaendelea kuvuta. Kama mashine ilikuwa na njaa, huenda akabahatika. Kama ilikuwa imeshalowa, ameizamisha kabisa.

Angalia saa kabla ya kushika spana

Muda una habari nyingi na haugharimu kitu. Zima mashine ya moto na uiwashe baada ya dakika moja. Ikiwaka vizuri, lakini ukiiacha dakika kumi na tano inakataa, na baada ya saa nzima inakubali, mshukiwa wa kwanza ni mafuta yaliyochemka, na wa pili ni kitu cha umeme kinachokufa joto likipanda. Ikikataa papo hapo, hata dakika moja haijapita, mafuta kuchemka si jibu kwa sababu kabureta haijapata muda wa kupata moto. Hapo fikiria umeme, kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda), au jeti iliyoziba, yaani kitundu kinachopitisha petroli ndani ya kabureta.

Na kama mashine haikuzimwa na mtu bali ilikufa yenyewe baada ya nusu saa ya mwendo, shuka kwanza mpaka kwenye tangi. Kifuniko cha tangi lile la mkononi kina skrubu ndogo ya hewa. Ikiwa imefungwa, mafuta yanatoka lakini hewa haiingii kushika nafasi yake; tangi linaanza kujivuta ndani, pampu inashindwa, mashine inakufa. Mtu anafungua kifuniko kuchungulia kama mafuta yamekwisha, hewa inaingia bila yeye kujua, mashine inawaka, na siku nzima anaamini ilikuwa na joto. Skrubu hiyohiyo ina kosa la upande wa pili: ikifungwa mashine imezimwa na tangi likiwa juani, mvuke unajaa, tangi linavimba na kusukuma petroli kupita sindano ya kabureta mpaka ndani ya mashine. Nimeona boti mbili zilizohangaika msimu mzima kwa skrubu hiyo.

Kagua pia kamba nyekundu ya swichi ya kuzimia kama klipu yake imekaa sawasawa, na kama gia iko fri. Nahodha mwenye miaka thelathini baharini anaweza kuigonga klipu hiyo kwa goti anapoinua nyavu, na hakuna aibu katika kuiangalia.

Pampu ya mkono, choki, plagi

Ukishamaliza hayo, fanya majaribio matatu kwa mpangilio huu, na uache muda kati ya moja na jingine.

Shika pampu ya mpira iliyo kwenye mpira wa mafuta, mshale wake ukiangalia juu, uiminye. Ikiwa ngumu, bakuli lina mafuta, usiendelee kuminya. Ikiwa laini, ikajaa baada ya kuminywa mara kadhaa, na mashine ikawaka, umeshapata upande wa tatizo: mafuta hayafiki au hayabaki. Kama inawaka ila inaishi tu mradi mtu anaendelea kuminya, basi pampu ya mashine imechoka. Pampu hii haina mota. Ina kiwambo chembamba kinachosukumwa na pumzi ya krenki, na unapovuta kamba pumzi hiyo ni ndogo mno ukilinganisha na mashine inayokimbia. Kiwambo kilichochoka kinaweza kuhimili mwendo lakini kikashindwa kuondoa mvuke wakati wa kuwasha. Mipira nayo huzeeka kwa ndani: utando wa ndani unabanduka na kufunga njia kama ulimi, na nje mpira unaonekana mpya. Sili ndogo za mpira kwenye kiunganishi zikikauka huvuta hewa bila kuvujisha hata tone.

Choki ni kipimo kizuri ukiitumia kwa akili. Mashine ya moto haihitaji choki. Ikiwa yako inawaka tu ukifunga choki, inakuambia haipati mafuta ya kutosha, na mara nyingi ni jeti ndogo ya mwendo wa polepole iliyoziba kwa chumvi, kutu au gundi ya petroli iliyokaa muda mrefu. Asubuhi ugonjwa huo hauonekani kwa sababu asubuhi kila mtu anafunga choki, na choki inafunika upungufu. Mashine ikiwa kasi jeti kubwa inafanya kazi, kwa hiyo hapo pia hauonekani. Unabaki kuonekana mahali pamoja tu: kuwasha ikiwa ya moto.

Ikiwa choki inazidisha ukimya, na unasikia harufu kali ya petroli, mashine imelowa. Acha pampu ya mkono, fungua choki, peleka mkono wa mafuta mpaka mwisho, vuta kamba mara sita hadi kumi kwa nguvu. Hewa nyingi itaingia na kukausha silinda. Mkono mwingine uwe tayari kupunguza, maana ikiwaka itaruka juu ghafla.

Kisha fungua plagi. Iliyolowa petroli ina maana mafuta yanafika lakini hayachomwi: ama yamezidi, ama hakuna cheche. Iliyokauka kabisa baada ya kuvuta mara ishirini ina maana hakuna kilichofika. Jicho lako hapo linaamua njia moja kati ya mbili, na kuanzia hapo hukisii tena.

Watu wataniuliza kuhusu mafuta ya kuchakachuliwa. Ni tatizo la kweli, mpaka Tanzania ikaanza kuweka vinasaba, yaani alama ya siri, kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwabana wanaochanganya petroli na mafuta ya taa. Lakini mafuta ya taa hayageuki mvuke kirahisi kwenye baridi, kwa hiyo mchanganyiko huo husumbua zaidi asubuhi. Mashine inayowaka kamba ya kwanza alfajiri na kugoma saa nne, petroli yake si ya kulaumiwa kwanza.

Umeme unaokufa kwa joto

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mashine nyingi za kuvuta kamba hazitegemei betri kutoa cheche. Chini ya flaiwili, lile gurudumu zito la juu linalozungushwa na kamba, kuna koili ya kuzalisha umeme. Sumaku za flaiwili zikiizunguka, umeme unazaliwa. Kuna koili nyingine ndogo inayotoa ishara ya wakati wa kupiga. Umeme unaingia kwenye kisanduku cha CDI, unahifadhiwa hapo, kisha unaachiwa ghafla kwenda kwenye koili ya plagi inayoukuza mpaka uweze kuruka kwenye nafasi ya plagi.

Koili ni waya mwembamba wa shaba uliosokotwa maelfu ya mizunguko na kufunikwa kwa vanishi. Miaka ya chumvi, mtetemo, kupata moto na kupoa inaufanya waya huo upasuke mahali padogo sana. Ukiwa baridi ncha mbili zinagusana na umeme unapita. Ukipata moto kila kitu kinatanuka, ncha zinaachana, koili imekufa. Ikipoa inafufuka. Vilevile vanishi iliyochoka huruhusu mizunguko kugusana ikiwa ya moto, na umeme unapungua bila kukatika.

Sasa unganisha hilo na kamba. Nguvu ya umeme unaozaliwa hutegemea kasi ya flaiwili. Mashine ikiwa inakimbia, kasi ni maelfu ya mizunguko kwa dakika, hivyo hata koili dhaifu inatoa umeme wa kutosha. Mkono wa binadamu kwenye kamba unaleta mizunguko mia chache tu kwa dakika. Koili iliyopungukiwa nguvu itaendesha mashine saa tatu bila shida na kushindwa kuiwasha. Ndiyo maana hoja ya "mbona ilikuwa inakimbia vizuri" haiondoi umeme kwenye orodha ya washukiwa.

Kupima cheche, kwanza ondoa kava na uache upepo upite, kwa sababu mvuke wa petroli ukikutana na cheche ndani ya boti ni moto usio na pa kukimbilia. Tumia kipima cheche ukiwa nacho. Kama huna, shikiza mwili wa plagi imara kwenye chuma cha mashine, mbali na tundu la silinda, na waya wa silinda ya pili nao uwe umeshikizwa kwenye chuma. Kuacha waya ukining'inia kunaweza kuua CDI. Mwenzako avute. Cheche nzuri ni ya buluu na ina mlio. Ya njano, nyembamba, inayokuja na kukosa, ni dhaifu.

Kwenye mashine ya silinda mbili jiulize: cheche imekosekana kwenye plagi moja au zote mbili? Ikiwa moja, tafuta kitu cha silinda ile peke yake, kama koili yake, kofia ya plagi au waya wake. Ikiwa zote mbili, tafuta wanachoshirikiana: koili ya kuzalisha umeme, CDI, au swichi ya kuzimia inayopeleka umeme kwenye chuma. Swichi unaitenga kwa kuchomoa waya wake na kuvuta tena. Cheche ikirudi umempata. Ila kumbuka mashine ikiwaka hapo huwezi kuizima kwa swichi, itabidi ufunge choki au ukate mafuta.

Kuna njia ya kitambaa ambayo wazee wa mashine wanaitumia na mimi naiamini. Lowesha kitambaa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ukamue, ukifunike juu ya kifaa kimoja unachokishuku kwa dakika mbili tatu, kisha ujaribu. Kwanza pampu ya mafuta na kabureta. Halafu koili ya plagi. Halafu CDI. Kifaa ambacho kupozwa kwake kunarudisha uhai ndicho kibovu. Poza kimoja kimoja. Ukimwagia kila kitu maji, mashine itawaka na hutajua kwa nini.

Mwenye mita apime koili na kuandika namba ikiwa baridi na ikiwa ya moto. Usishtuke namba ikipanda: shaba yoyote huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja, hivyo kutoka nyuzi 30 hadi 80 koili nzima kabisa itapanda karibu moja ya tano. Kinachotisha ni mita kutosoma kitu, namba kuruka ovyo, au kushuka badala ya kupanda.

Kompresheni na joto lenyewe

Ukiwa na cheche ya buluu na plagi iliyolowa kiasi, na bado kimya, sikiliza mkono wako. Kamba ya mashine yenye afya inapinga ukiivuta. Ringi zilizochakaa huzibwa na oili ikiwa nzito na baridi. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi na kompresheni inavuja. Kwenye mashine ya tuustroki, ile ya kuchanganya oili na petroli, hata sili za krenki zinahusika, kwa sababu petroli inasukumwa kwenda silinda kwa mbano wa chini ya pistoni. Pima kwa geji mashine ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa na mkono wa mafuta ukiwa wazi. Tofauti kati ya silinda mbili isizidi asilimia 10 hadi 15.

Kuna hali moja ambayo usijaribu kabisa kuwasha. Ni pale mashine inapokataa kwa sababu imechemka kupita kiasi. Themostati, mlango unaoruhusu maji ya kupozea kupita, kwenye mashine nyingi za boti hufunguka kwenye nyuzi 50 hadi 60 hivi, kwa hiyo mashine yenye afya si ya moto mno. Kama maji ya kupozea yanayoruka nyuma yalikuwa membamba au yamekatika, kama rangi ya silinda imebabuka, kama kamba imekuwa nzito ghafla au haiendi, acha. Pistoni ya alumini hutanuka kuliko ukuta wa silinda na kuanza kujikwaruza. Angalia mfuko wa plastiki au mwani kwenye mdomo wa maji, subiri ipoe yenyewe, na usimwage maji baridi kwenye chuma cha moto. Impela ni kipande cha mpira cha bei ndogo. Kuichelewesha ndiko kunakoua mashine nzima.

Mashine za foostroki, zile zisizochanganya oili na petroli, zina ya kwao. Vali zisiporekebishwa nafasi yake hubana kidogo kidogo, na shina la vali likirefuka kwa joto vali haifungi kabisa, kompresheni inakimbia. Zile zinazopuliziwa petroli kwa sindano badala ya kabureta zina pampu ya umeme na kichupa cha kutenga mvuke. Fungua ufunguo bila kuwasha, sikiliza pampu ikizunguka sekunde chache, funga, rudia mara mbili tatu, kisha ndipo uwashe.

Kuilazimisha ikatae

Kama unampelekea fundi, mwombe asipime mashine baridi. Ifungwe kwenye pipa la maji au boti ifungwe gatini, iende nusu saa, izimwe, kava lirudishwe, iachwe dakika kumi na tano juani. Hapo ndipo aanze. Mpe pia habari tatu ulizoandika baharini: ilikataa baada ya dakika ngapi, plagi zilikuwa kavu au zimelowa, cheche ilikuwepo au haikuwepo.

Yetu ilipatikana hivyo, mwezi wa tatu. Ilipogoma tulitia nanga, nikafungua plagi: zimelowa zote mbili. Cheche hakuna popote. Nikachomoa waya wa swichi: bado. Kitambaa juu ya CDI: bado. Nikachomoa soketi ya nyaya zinazotoka chini ya flaiwili, nikashika ncha za mita kwenye waya wa koili ya kuzalisha umeme. Mita haikusoma kitu. Tukakaa, nahodha akachambua samaki, mimi nikawa naangalia kioo kila baada ya dakika tano. Kwenye dakika ya arobaini namba ikatokea yenyewe, ikaruka kidogo, ikatulia. Nilimwita nahodha aje kuiona. Akaitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe ulikuwa hapa wewe."

Koili mpya ilifungwa wiki iliyofuata. Siku ya kwanza baharini tulizima palepale pa siku zote, tukainua nyavu bila haraka, tukangoja dakika ishirini kamili kwa saa. Kijana akashika kamba. Iliwaka ya kwanza.